Wavu Chini ya Taa

Waswahili husema za mwizi arobaini. Methali hiyo imelea watoto wengi, lakini ina kasoro ambayo ni nadra kutajwa: inamtisha mtu kwa kukamatwa, basi. Inakubali, pengine bila kukusudia, kwamba kwa siku thelathini na tisa mwizi hula na kulala vizuri, na kwamba asiyeamini kuwa siku ya arobaini itafika hana sababu ya kuacha. Sura hii inahusu mahali ambapo siku hiyo aghalabu haifiki. Nimechagua Kalundu, bandari ya mji wa Uvira nchini Kongo, pamoja na pwani yote ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Watu wa huko si wabaya wala wema kuliko wengine. Ila sehemu kubwa ya riziki yao hutafutwa usiku, majini, mbali na macho ya mkubwa yeyote, na wanachokifanya gizani huja kuonekana mchana kweupe, miaka kadhaa baadaye, kwenye sahani za watu wote.

Ziwa hili lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470 hivi. Duniani linashindwa kwa kina na ziwa la Baikal peke yake. Nchi nne zinaligawana: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Samaki anayelisha watu wengi zaidi ni ndagala, ambaye Kigoma wanamwita dagaa, na nyuma yake huja mukeke, anayemfuata ili amle. Ndagala huvuliwa kwa taa. Usiku wa giza, boti hutoka jioni na taa zake, zamani karabai, siku hizi nyingi za betri na sola. Mwanga huvuta viumbe vidogo vya majini, ndagala hufuata chakula chake, na wavu uliotandazwa chini yao hupandishwa taratibu. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, maana taa haishindani na mbalamwezi. Sasa angalia jambo hili. Usiku huo mvuvi wa ndagala ndiye mtu anayeonekana kuliko wote ziwani: aliye kwenye vilima vilivyo nyuma ya Uvira anaweza kuzihesabu taa moja moja. Lakini anachokiona ni taa. Wavu uko chini ya maji, na upana wa matundu yake wanaujua waliomo botini tu.

Matundu ndiyo kesi yenyewe. Wavu wenye matundu ya kutosha humwacha ndagala mchanga apite, akue, azae. Wavu wenye matundu madogo mno humvua kabla hajazaa hata mara moja. Mwisho wa safu hii ya nyavu kuna chandarua cha mbu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kinataka chandarua kisipungue matundu 156 katika kila inchi moja ya mraba, kwa kuwa kilibuniwa kumzuia mdudu. Kikokotwe karibu na ufuo, kwenye maji ya magoti ambako watoto wa samaki wa kila aina hujificha, hakiachi kitu. Juu ya hayo, vyandarua vingi vinavyogawiwa bure hutiwa dawa ya jamii ya pairethroidi, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Mwaka 2014 jarida la Malaria Journal lilichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji vya pwani upande wa Tanzania: karibu kaya tisa katika kila kumi zilizohojiwa zilisema zimewahi kutumia chandarua kuvulia. Tusiipite haraka takwimu hiyo. Watu hawa hawakufumaniwa na askari. Waliulizwa, wakajibu. Anayejua kwamba jambo ni baya na bado analitaja mbele ya mgeni mwenye kalamu hajakosa akili. Ameshahakikishiwa na mazingira yake kwamba hakuna wa kumcheka. Nitalirudia jambo hili, maana ndimo ulimo ufunguo.

Jibu la kwanza la serikali yoyote ni kuongeza macho. Tarehe 12 Juni 2003 nchi hizi nne zilitia saini Dar es Salaam mkataba wa kulisimamia ziwa, na baadaye ikaundwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura. Desemba 2021, mjini Lusaka, zilikubaliana juu ya hatua za pamoja za uvuvi, na kutokana na makubaliano hayo ukaja utaratibu wa kulifunga ziwa miezi mitatu kwa mwaka, 15 Mei hadi 15 Agosti. Tanzania iliufunga upande wake 2024. Mimi naunga mkono hatua hizo zote, na nitaeleza sababu mbele. Lakini tupige hesabu ya kawaida. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba karibu 32,900. Boti ya doria inataka mafuta, injini, na askari ambaye mshahara wake umefika. Hata vyote vikipatikana, giza linalomficha mvuvi linamficha askari vilevile. Saa nane za usiku, anayekamata na anayekamatwa wako peke yao. Noti ikipita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, hakuna shahidi ila maji. Tumwekee askari msimamizi? Msimamizi naye ana usiku wake. Popote utakapoukata mnyororo huo, kwenye pete ya mwisho utamkuta mtu mmoja ambaye hakuna anayemtazama, na sheria yote, kuanzia Dar es Salaam hadi Lusaka, imening'inia kwake.

Swali la mtu huyu ni la kale. Plato, katika Jamhuri, alisimulia habari za mchungaji aliyeokota pete ya kumfanya asionekane, akaitumia kumwua mfalme na kutwaa kiti chake. Anayeisimulia hadithi hiyo ndani ya kitabu anadai kwamba mwema na mwovu wakipewa pete moja moja, mwenendo wao utakuwa uleule. Wengi wetu tunaamini hivyo bila kumsoma Plato. Barazani na sokoni husemwa kila siku: mpe mtu nafasi, ataiba. Ni kauli inayojiona imeuelewa ulimwengu. Ubaya wake ni kwamba ilipopimwa haikusimama.

Ilipimwa kwa pochi. Watafiti waliochapisha matokeo yao katika jarida la Science mwaka 2019 walipeleka pochi zaidi ya 17,000 kwenye miji 355 ya nchi 40, Kenya ikiwemo. Mtu alizikabidhi mapokezini, kwenye hoteli, benki, posta au kituo cha polisi, akisema ameziokota nje na ana haraka. Ndani mlikuwa na ufunguo, orodha ya vitu vya kununua na anwani ya mwenye mali. Nyingine zilikuwa na fedha, nyingine hazikuwa nazo. Aliyeipokea alijua kwamba akinyamaza, yamekwisha. Pochi zisizo na fedha zilirudishwa kwa kiasi cha asilimia 40. Zenye fedha zilirudishwa kwa asilimia 51. Katika nchi tatu ambako kiasi cha fedha kiliongezwa kikakaribia dola mia moja, waliorudisha walifikia asilimia 72. Watafiti waliwauliza pia watu wa kawaida na wachumi wabashiri, na makundi yote mawili yalikosea kwa upande mmoja: yalidhani fedha zikizidi, wezi wangezidi. Maelezo yanayokubaliana na matokeo hayo ni mepesi. Kadiri kitu kilivyo kikubwa, ndivyo inavyokuwa vigumu kwa mtu kukichukua na bado kujiambia kwamba yeye si mwizi. Aliye peke yake bado yuko na nafsi yake, na nafsi ni mwenzi msumbufu.

Msomaji wa Uvira atasema Kongo haikuwemo katika nchi hizo 40, na kwamba viwango vilitofautiana sana baina ya nchi na nchi. Ni kweli. Basi tuache pochi za wazungu tuitazame Kalundu yenyewe. Mwenye boti ya kuvulia mara nyingi yuko kitandani wakati mabaharia wake wanapandisha wavu. Yeye hawaoni. Wakitaka, wanaweza kuuza mabeseni mawili matatu majini kabla ya kugusa mchanga, wakaja kugawana naye kilichobaki, nao wakilalamikia usiku mbaya. Wengine hufanya hivyo. Lakini kama wote wangefanya, hakuna ambaye angeweka mtaji wake kwenye boti, na boti zipo. Alfajiri, mama anayenunua ndagala kwa mali kauli huondoka na beseni kichwani na deni moyoni. Hakuandikishana na mtu. Mfanyabiashara humkabidhi nahodha mzigo wa kwenda Kalemie au Baraka, safari ya siku nzima au zaidi, akakaa akisubiri habari. Biashara hii imevuka vita vya 1996, vilivyoanzia pande hizihizi, vile vya 1998, na vile vilivyoufikia mji tena mwaka 2025, nyakati ambazo mahakama ya kumshtaki mdaiwa ilikuwa jina tu. Uaminifu wa pasipo macho, kwa hiyo, haupaswi kuhubiriwa Kalundu kama kitu kigeni. Upo na unafanya kazi kila siku, na bila huo soko lisingefunguliwa. Swali la kweli ni kwa nini mtu yuleyule anayelipa deni lisilo na karatasi huteremsha majini wavu anaojua unaua watoto wa samaki.

Wapo wanaojibu kwamba mdai ni mtu na ziwa si mtu. Kuna ukweli ndani yake: ukimdhulumu mama wa ndagala utamwona uso wake kesho, ila ndagala asiyezaliwa hana uso. Jibu langu linaanzia mbele kidogo ya hapo. Mdaiwa hulipa kwa sababu anaamini wenzake hulipa. Mvuvi huvua watoto kwa sababu anaamini wenzake wanawavua. Giza lenyewe halimharibu mtu. Kinachomharibu ni habari anazoingia nazo gizani, kwamba wote wanaiba na yeye peke yake ndiye mjinga. Aliyekwisha kuamini hivyo hajioni mwizi tena, na ile nafsi iliyomzuia mtu wa mapokezini asiichukue pochi hunyamaza kimya. Ndiyo maana kaya tisa katika kumi zilijibu bila haya.

Upande wa Kongo imani hii haikudondoka kutoka mbinguni. Wakongo wana Kifungu cha 15, kifungu cha katiba ambacho hakijaandikwa popote na kila mtu anakijua: jitegemee, jipange, tafuta njia yako. Mzaha huo unatajwa tangu mtafaruku wa 1960, na umesaidia familia nyingi kuishi bila mshahara. Ila mwaka 1976 Mobutu, akihutubia hadharani, aliwaambia raia wake kwamba wakitaka kuiba, basi waibe kidogo, kwa ujanja na adabu. Wengi wanaikumbuka hotuba ile kama kichekesho. Naiona kuwa miongoni mwa mambo yenye gharama kubwa kabisa aliyowahi kuyasema, kwa sababu kiongozi wa nchi alithibitisha kwa kinywa chake kile ambacho kila mmoja alikuwa akikishuku kimyakimya. Mwizi mmoja huiba mali. Tangazo la kwamba wote ni wezi huwaondolea mamilioni sababu ya kujizuia.

Pingamizi zito ni njaa. Utamwambiaje mtu mwenye watoto asivue kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti? Pingamizi hili siwezi kulifuta, na anayelifuta kwa mstari mmoja hajui bei ya unga. Lakini linahitaji kupepetwa. Kuna mjane anayekokota chandarua kilichochakaa kwenye maji ya magoti apate mboga ya jioni, na kuna mwenye boti kadhaa anayenunua wavu wa matundu madogo mno kwa fedha taslimu. Wote wawili husema kwa sauti moja, "njaa", na wa pili hujificha nyuma ya wa kwanza. Wavu mpya ni mtaji. Hakuna anayeununua kwa njaa ya leo. Kwa mjane, deni liko kwa serikali zilizolifunga ziwa bila kuweka chakula mezani, na mimi simwiti mkosefu. Kwa tajiri wa boti, neno njaa ni koti la kuazima. Mtu huyuhuyu, kumbuka, ndiye anayedai kwa mabaharia wake uaminifu wa usiku, na huwafukuza akihisi wameuza beseni moja majini.

Pingamizi la pili ni la wasomi, nalo ni zuri zaidi. Linasema ziwa linapungukiwa samaki kwa sababu ya joto, si kwa sababu ya nyavu, hivyo mvuvi mwadilifu anajinyima bure. Ushahidi upo. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba maji ya juu yanapopata joto hayachanganyiki vizuri na yale ya chini yenye virutubisho. Uzalishaji wa mimea midogo ya majini huenda ulishuka kwa takriban asilimia 20, jambo linaloashiria upungufu wa samaki wa karibu asilimia 30. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake, waliosoma matope ya chini ya ziwa, walionyesha kwamba kupungua kulianza kabla uvuvi wa kibiashara haujashika kasi. Nayakubali yote hayo. Ila hitimisho linalotolewa limepinduka. Mali inayozaa kidogo kwa sababu ambazo huwezi kuzizuia inahitaji matunzo makubwa zaidi katika sehemu unayoweza kuizuia. Mvuvi wa Kalundu hawezi kupunguza moshi wa viwanda vya Ulaya na China. Matundu ya wavu wake yako mikononi mwake.

Hapa wengi, Wakristo na Waislamu wa Uvira, watasema nimezunguka bure: Mungu anaona, basi hakuna giza. Siwezi kubishana na imani hiyo, na naamini imezuia maovu mengi kuliko doria zote. Lakini mahubiri hayo husikika zaidi juu ya zinaa, pombe na uchawi. Kuhusu matundu ya wavu, mimbari na madhabahu huwa kimya, na waumini hujifunza kutokana na ukimya huo kwamba huko ziwani jicho la Mungu limeelekezwa kwingine. Na hata nje ya dini macho si dawa ya uhakika. Mwaka 2006 watafiti wa Newcastle walidai kwamba picha tu ya macho, ikibandikwa juu ya kisanduku cha kulipia kahawa, iliongeza michango karibu mara tatu. Tafiti zilizofuata zimegongana, na sina haraka ya kubandika macho ya karatasi kwenye boti.

Mkali wa falsafa atanikamata mahali pengine. Kama mvuvi huwa mwema kwa kuwa anaamini wenzake ni wema, huo ni uadilifu gani? Si anafuata mkumbo tu, mkumbo mzuri badala ya mbaya? Jibu langu ni kwamba tunachanganya watu wawili. Yupo yule anayeanza, wakati hakuna dalili kwamba mwingine atafuata, na huyo ni adimu. Hatuwezi kuujenga ukanda mzima wa pwani juu ya mabega yake. Yupo yule wa pili, ambaye ni wengi wetu: hataki kuwa mwizi, ila hataki pia kuwa mjinga. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alikusanya katika kitabu chake cha 1990 mifano ya malisho, misitu, mifereji na maeneo ya uvuvi ambayo wanavijiji wameyatunza, mengine kwa karne kadhaa, bila mfalme wala mwekezaji. Katika sehemu hizo watumiaji wenyewe wanajua nani anashika sharti na nani anavunja, na adhabu ya kwanza ni ndogo, mara nyingine aibu tu. Uadilifu wa mtu wa pili ni wa kweli, kwani usiku bado yuko peke yake na bado anachagua. Tofauti ni kwamba amepunguziwa uongo mmoja, ule wa kwamba yuko peke yake.

Kazi iliyobaki basi ni ya kusema hadharani kile kilicho kweli. Kamati za wavuvi, badala ya kutaja wavunjaji tu, zitaje kila msimu ni boti ngapi zilizobaki ufuoni kuanzia 15 Mei. Kituo cha utafiti cha Uvira, CRH, ambako watafiti kama Mulimbwa N'sibula wamemfuatilia ndagala wa pembe hii ya kaskazini kwa miaka mingi, kipewe nafasi ya kusema mbele ya boti, kwa Kiswahili, samaki wangapi wamevuliwa kabla ya kuzaa. Wachungaji na mashehe waliweke tundu la wavu mahali pake kati ya dhambi. Na mwenye boti asiwasubiri wote hao. Wavu unaofanya kazi chini ya maji usiku huanikwa mchangani asubuhi, kila mtu akipita. Mwenye boti, jirani yake na mama anayesubiri beseni lake wanaweza kuyatazama matundu yake bila doria na bila lita moja ya mafuta.